Hatua ya Kumi na Sita

Jumatano, 5 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Amelisema kwa upole uleule ambao fundi saa humwambia mteja kwamba saa yake haina spea tena. Nikamuuliza, "Imebaki miezi mingapi?" Akajibu, "Mambo haya hatuyahesabu hivyo, Mama."

Nimehesabu maisha yangu yote. Moja mpaka nane, moja mpaka kumi na sita, mbele ya wachezaji waliotoka jasho na wengine waliotoka machozi. Leo kijana aliyezaliwa nikiwa nimeshastaafu ananiambia hatuhesabu.

Nimemtuma mjukuu aninunulie daftari. Kuna jambo moja sitaki kuzikwa nalo. Sitaliandika leo. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nyumba yetu imepakana ukuta na ukumbi wa mazoezi, kwa hiyo nimelala kitandani nikisikia vishindo vya miguu na sauti ya binti yangu ikihesabu. Siku hizi kikundi anakiongoza yeye. Anahesabu haraka mno. Nilimwambia hivyo mchana akasema, "Mama, kunywa dawa."

Onyesho ni tarehe 5 Aprili. Ngoma ya mwisho ni ile niliyoitunga mimi nikiwa na miaka arobaini. Mchezaji mmoja anatokea nyuma ya jukwaa, gizani, anakuja mbele kwa kuzunguka, hatua kumi na sita, taa zote zikimpiga usoni, kisha anasimama ghafla ukingoni kana kwamba amevutwa kamba. Taa zile hupofusha. Hakuna mchezaji anayeuona ukingo. Anaanzia kwenye kipande cha utepe mweupe kilichobandikwa sakafuni, anahesabu, na anaamini. Hana kingine cha kumlinda.

Mwaka huu amepewa mjukuu wangu, miaka kumi na tisa.

"Mke mwenzangu," aliniambia jana akijikanda nyayo kando ya kitanda changu, "wewe ulitunga kitu cha kuua watu."

Alikuwa anatania. Nilishindwa kucheka.

Jumanne, 11 Machi

Fundi amekuja kuchukua vipimo vya maleba. Kila mtu humwita Fundi kwa sababu ndiye anayewashonea wachezaji wetu kwa miaka arobaini sasa. Zamani tulimwita Upepo. Ndiye wa kwanza kuicheza ngoma ile, na siku ya onyesho, mbele ya ukumbi uliojaa, alivuka ukingo akaanguka chini kwenye viti vya wapiga ala. Nyonga ilivunjika. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mpaka leo mguu wa kulia anauburuta.

Alimpima mjukuu kiuno, pini zikiwa mdomoni. "Simama vizuri, unajipinda kama hanga la nguo lililokanyagwa."

"Nimechoka, Bibi Fundi."

"Utachoka ukishaolewa. Sasa sikiliza. Hesabu ya kichwani ni mwongo. Mimi siku ile nilihesabu kumi na sita, kwa yakini kama ninavyokuona hapa, kumbe nimezidisha. Ningekuwa na akili ningeishia kumi na nne. Wewe ishia kumi na nne. Mwalimu hapa shahidi wangu. Au siyo, Mwalimu?"

Wakanitazama wote wawili. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Sikula.

Jumapili, 16 Machi

Binti na mjukuu wametoka. Nyumba ni yangu. Nitaandika sasa au sitaandika tena.

Asubuhi ya siku ile mimi ndiye niliyepima jukwaa. Nilipima kuanzia ukingo wa mbele kurudi nyuma, hatua kumi na sita za mchezaji na moja ya akiba, kisha nikabandika utepe wa kuanzia. Tulifanya jaribio moja. Upepo akasimama pale pale nilipotaka, akacheka.

Saa saba mchana seremala wa ukumbi akaja kuniambia, "Mwalimu, wapiga ala wamekosa nafasi. Nimeondoa mbao za mbele, upana wa hatua mbili. Pima upya." Nikamjibu, "Sawa." Nilikuwa chumba cha kuvalia, nimeinamia sketi iliyoungua kwa pasi, wasichana wawili wanagombania kioo, mmoja anatapika kwa woga kwenye ndoo, na mtunza ukumbi anagonga mlango akisema hakuna maji. Mtu asiyewahi kuwa nyuma ya pazia siku ya onyesho hajui jinsi akili inavyomwagika. Nikasema sawa, na neno lile nikalisahau kabla sijanyanyua kichwa.

Jukwaa likapungua hatua mbili mbele. Utepe ukabaki palepale nyuma. Hatua ya kumi na tano ikawa ukingo. Ya kumi na sita ikawa hewa.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mtu aliyesahau, na watu husahau. Sikuishia hapo.

Alipoanguka, wote walikimbilia mbele. Nilibaki peke yangu nyuma ya jukwaa, na neno la seremala likanirudia lote, na sauti yake pia. Sikukimbilia mbele. Nilipiga magoti, nikang'oa utepe kwa kucha, nikausogeza nyuma hatua mbili, nikaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Kule chini alikuwa anapiga kelele. Nilimsikia vizuri, na bado nikahakikisha utepe umekaa sawa.

Meneja wa ukumbi alipanda na tochi, akapima, akasema, "Alama iko sahihi. Msichana amezidisha." Seremala akaniuliza pembeni, "Ulipima upya?" Nikamwambia, "Nilipima." Akaniamini. Amekwisha kufa.

Siku ya tatu nilikwenda hospitalini. Upepo alikuwa amefungwa kuanzia kiunoni. Aliniambia, "Mwalimu, nilihesabu kumi na sita. Naapa." Nikamshika mkono. Nikamwambia kwa sauti ya upole, ile niliyoitumia kwa watoto wadogo, "Hata mimi wakati mwingine hukosea pigo moja." Alilia, akaomba radhi. Aliniomba mimi radhi kwa kuniharibia onyesho.

Nami nilimsamehe.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwambia binti yangu. Alisikiliza amesimama, taulo begani, nywele zinadondosha maji. Alipofahamu alikaa kwenye kiti cha nguo chafu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi iishie hapo kwanza."

"Nataka nimwambie Fundi kesho akija."

"Mama, Fundi ana nguo ishirini na mbili mezani, kumi hazina hata mikono. Ukimwambia kesho akaondoka, nani atazishona? Mimi? Subiri onyesho lipite. Wiki mbili na nusu tu. Umesubiri miaka arobaini na moja."

"Daktari hakunipa wiki mbili na nusu kwa maandishi."

"Usinitishe na kufa, Mama. Kila nikikuomba jambo unanitolea kifo."

Nilikasirika nusura nimrushie kikombe. Kisha nikaona ninayemkasirikia ni nani. Onyesho kwanza, mtu baadaye: nani alimfundisha maneno hayo? Nilimzaa, nikamfundisha, akafuzu.

Nikasema sawa. Ile sawa yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Wamenibeba na kiti mpaka ukumbini kutazama mazoezi. Afadhali nisingekwenda.

Mjukuu anaishia kumi na nne. Anatoka vizuri, anazunguka vizuri, kisha kwenye kumi na mbili unaona shingo inaingia mabegani, mguu unaanza kuomba ruhusa. Anasimama mapema. Nyuma yake anakuja msichana mrefu wanayemwita Twiga, ambaye yeye hesabu yake ni kamili, na akifika anamkuta mwenzake bado yuko njiani. Leo wamegongana mara tatu. Mara ya tatu Twiga alimkanyaga kisigino, wote wawili wakaenda chini.

"Mwambieni mimi sina breki!" Twiga akapiga kelele. "Nimekuja kucheza ngoma au kuvuka barabara?"

"Songa mbele!" binti yangu akamwambia mwanawe. "Kumi na sita! Nimepima mwenyewe, mara mbili, kwa futi ya chuma!"

"Najua, Mama. Miguu haitaki."

"Miguu ya nani? Ya jirani?"

Fundi alikuwa mlangoni na fungu la nguo. Akasema kwa upole, "Msimlazimishe. Mimi nilijiamini, mkaona."

Mjukuu akageuka kumtazama kwa shukrani. Mtoto anajifunza woga kwa mtu asiyekuwa na sababu ya kuogopa. Uongo wangu umefika mpaka kwenye miguu ya mjukuu wangu, na mimi nimekaa kitini nimefunikwa blanketi, naulizwa kama nasikia baridi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Miguu imevimba. Kumi na nne tena.

Jumapili, 30 Machi

Fundi alikuja peke yake kushona mikono ya nguo, kwa sababu kwake paa linavuja. Tulikaa saa tatu nzima, yeye na cherehani, mimi na mito. Nafasi haitapatikana bora zaidi.

Nilianza hivi: "Fundi, unaikumbuka siku ile?"

"Ipi?"

"Ulipoanguka."

Akasimamisha gurudumu. "Mwalimu, usijisumbue na hayo. Najua unanihurumia. Ulinihurumia tangu siku ya kwanza. Hakuna mwalimu mwingine angemweka karibu mtu aliyemwaibisha vile." Kisha akaendelea kushona.

Nilifungua mdomo. Nilimwomba maji. Aliniletea, akanishikia glasi.

Nimemchukia leo kwa wema wake. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 4 Aprili

Kesho. Binti amepoteza sauti. Twiga amepoteza mkanda, umepatikana, umepotea tena.

Jumapili, 6 Aprili

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo nitajaribu kuandika yote.

Tulifika saa nne asubuhi kwa onyesho la saa kumi. Niliwaambia nitakaa chumba cha kuvalia wala si ukumbini na wageni. Wakaniweka pembeni, kati ya meza ya pasi na mlango wa choo, mahali ambapo kila mtu lazima apite na kila apitaye aniruke miguu.

Chumba kile hakijabadilika. Harufu ya jasho la jana, poda, gundi ya kope na ndizi zilizoiva mno. Watu ishirini na wawili, vioo vitano. Mmoja anafunga vidole vya miguu kwa plasta akihesabu majeraha kama anahesabu wajukuu. Mmoja amelala sakafuni, miguu juu ya ukuta, anajibu simu ya mpenzi wake: "Nimekwambia sili siku ya onyesho, na nikila sili na wewe." Wawili wanavutana juu ya kopo la pini za nywele.

"Hizi zangu, zina alama ya rangi ya kucha."

"Mwaka jana ndiyo zilikuwa zako."

"Basi nirudishie mwaka jana."

Maji yalikatika saa sita. Nguo moja ilipasuka kwapani saa saba, na Fundi akamshona msichana ndani yake akiwa amesimama. Binti yangu aliingia na kutoka, anaongea kwa ishara za mikono kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma. Kila aliponipita alinitazama usoni, kuhakikisha mdomo wangu umefungwa.

Saa nane mjukuu alikaa kupambwa. Mkono wa mpambaji ulikuwa unatelezateleza.

"Acha kutetemeka, nitakupaka wanja sikioni."

"Sitetemeki."

"Basi ni kiti."

Fundi akaja nyuma yake, akamwekea mikono mabegani. Aliongea naye kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. "Kumi na tatu, ukitaka. Hakuna atakayekucheka. Ni bora waseme umesimama mapema kuliko waniambie nikushonee nguo ya kukaa kitandani."

Mjukuu akatikisa kichwa kukubali. Kumi na tatu! Nikajua angegongana na Twiga tena, safari hii taa zikiwapofusha na kwa mwendo kasi, na mmoja wao angeumia nyonga kwa ajili ya kipande cha utepe nilichokisogeza kabla hawajazaliwa. Na hata kama wasingeumia, nilikuwa nimechoka. Naandika vyote viwili. Sitaki kujifanya nilisema kwa ajili ya mtoto tu.

Saa nane na nusu waliitwa kwenye korido kunyoosha viungo. Chumba kikabaki na sisi wawili. Fundi alikuwa anapiga pasi nguo ya mjukuu.

Nikasema, "Fundi, siku ile ulihesabu sawa."

"Siku ipi tena, Mwalimu?"

"Ulihesabu kumi na sita. Walitoa mbao za mbele mchana. Niliambiwa nipime upya nikasahau. Wewe ulianza pale nilipokuambia uanze, ukahesabu sawasawa. Ulipoanguka, nikausogeza utepe ili ionekane umezidisha."

Aliinua pasi, akaisimamisha. Hakunitazama. Akakunja vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, midomo ikitembea.

"Mbao za hatua ngapi?"

"Mbili."

"Akiba ilikuwa moja."

"Moja."

"Kwa hiyo kumi na sita ilikuwa nje."

"Ilikuwa nje."

"Na hospitalini. Nilipokuapia."

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anipige. Wallahi nilitamani anipige. Maji yakarudi bombani, yakikohoa. Kisha akasema, "Sogea."

"Nini?"

"Umekalia mkanda wa Twiga. Sogea."

Nikajiinua kadiri nilivyoweza. Akauvuta, akauweka juu ya nguo, akavibeba vyote na kutoka, mguu ukiburuzika kwenye simenti.

Binti yangu aliingia mara moja, kama aliyekuwa nyuma ya mlango. "Umemwambia," alinong'ona. "Leo. Leo, Mama! Saa moja na nusu kabla!"

"Nimemwambia."

"Anaondoka?"

"Sijui."

Akafungua mlango. Kutoka nilipokaa niliwaona koridoni. Fundi alikuwa amemshika mjukuu mashavu kwa mikono miwili, akiharibu rangi yote, na mpambaji anapiga kelele, "Fundi, jamani, uso!" Alichomwambia nilikuja kukisikia leo asubuhi kutoka kwa mjukuu mwenyewe: "Zile kumi na nne nilizokufundisha zitupe. Mimi nilihesabu sawa. Umenisikia? Miaka yote hii, nilihesabu sawa. Nenda kumi na sita, mwanangu. Kichwa chako ni kizima kama kilivyokuwa changu."

Walinisogeza pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia. Ngoma ya mwisho ilipoanza sikumtazama mjukuu kwanza. Nilimtafuta Fundi. Alikuwa upande wa pili, kwenye giza, ameshika kamba ya pazia. Mjukuu akatoka. Kumi, kumi na moja. Shingo haikuingia mabegani. Midomo ya Fundi ilikuwa inakwenda pamoja naye. Kumi na nne, kumi na tano. Mguu wa kumi na sita ukatua mbaoni, ukasimama, na Twiga akapita nyuma yake kwa mwendo wake wote kama mlango unaofunguka.

Watu walisimama kupiga makofi. Fundi alikaa chini sakafuni, palepale. Sikumwona akilia. Alikaa tu, kama mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu na hajui afanye nini na mikono.

Baadaye, wakati wachezaji wanakumbatiana na kutafuta viatu, alikuja mbele ya kiti changu. Hakuniita Mwalimu.

"Wewe," alisema, "usife kwanza. Mimi na wewe hatujamalizana. Hata hatujaanza."

Jumanne, 8 Aprili

Amekuja saa nne. Amekaa kwenye kiti cha nguo chafu, juu ya nguo chafu.

Aliniuliza kama seremala alijua. Kama utepe ulitoka kwa urahisi. Kama nilimsikia alipokuwa anapiga kelele. Nilijibu yote.

"Niliitwa mara mbili kufundisha watoto kucheza," akasema. "Mara mbili. Nikakataa, kwa sababu mtu asiyejua kuhesabu mpaka kumi na sita hawezi kupewa watoto. Nilikuandikia barua kukueleza. Unakumbuka ulivyonijibu?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Nilijibu kwamba nakuelewa."

"Ulinielewa!" Akacheka, na sijawahi kusikia kicheko kibaya kama kile. "Nilitunza barua ile. Niliitunza kwa sababu ilikuwa na huruma."

Binti yangu alimletea chai. Hakuigusa. Alipokuwa anaondoka binti akamuuliza, kwa sauti aliyobaki nayo, kama ataendelea kuwashonea.

"Cherehani ni yangu," alijibu. "Sikuipata kwa mama yako."

Jumatano, 9 Aprili

Amekuja. Hakusema kitu. Aliondoka saa sita.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua imekatika.

Aliniambia anataka niseme mbele ya kikundi kizima. Binti alipinga, akasema jina langu limeandikwa kwenye mabango, na watoto wananiheshimu. Nikamwambia anisogeze kiti. Aligoma. Mjukuu na Twiga wakanibeba.

Nilisema kwa sauti, bila kujitetea. Wachezaji ishirini na wawili hawakujua watazame wapi. Wengine walitazama miguu yangu. Nilipomaliza, Twiga, ambaye hawezi kunyamaza, akamuuliza Fundi, "Kwa hiyo wewe hujawahi kukosea?"

"Kwenye kucheza, hapana," Fundi akajibu. Alinyoosha mgongo alipokuwa akisema.

Nilimuuliza tukiwa tumebaki wawili kama ipo siku atanisamehe.

"Usinikimbize. Wewe ulijipa miaka arobaini na moja. Mimi nina wiki moja." Akachukua mfuko wake. "Nimekumbuka mambo mengine ya kukuuliza. Kesho saa nne."

Pumzi yangu leo ni fupi, na vidole vimekuwa vya bluu. Sijamwambia mtu. Nimemwomba mjukuu aniamshe saa tatu, anioshe uso, aniketishe wima. Fundi akifungua mlango ule, nataka anikute macho.